Safari za Macho na Miguu

Kuna vitabu vichache katika Afrika Mashariki ambavyo hatuvisomeshi skuli, navyo vinastahiki kusomeshwa. Ni vitabu vya watu wetu waliopelekwa miji ya kigeni, wakatembezwa na wenyeji wao asubuhi hadi usiku, kisha wakarudi kwao wakaandika. Navipenda vitabu hivyo. Lakini kila nikivifunga huhisi kuwa kuna kitu nimenyimwa, na hapa nataka kueleza ni kitu gani.

Cha kwanza kiliandikwa kwa Kiarabu na Zahir bin Said, aliyefuatana na Sayyid Barghash katika safari yake ya Uingereza ya mwaka 1875. Kilipigwa chapa London mwaka 1878. Jina lake, kwa maana, ni kuyaburudisha macho na fikra katika safari ya Sultani wa Zanzibar. Sultani alionyeshwa London, Birmingham, Liverpool na Manchester, na Paris pia. Msomaji asisahau kwamba miaka miwili nyuma, Juni 1873, Sayyid Barghash alilazimishwa kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na waliomlazimisha ndio hao waliomkaribisha. Kwa maoni yangu, mgeni wa namna hiyo hatembezwi bure. Huonyeshwa viwanda na bandari ili akirudi kwao ajue anayeshindana naye ni nani.

Na kweli macho ya Sultani hayakwenda bure. Baada ya safari hiyo mji wa Unguja ulipata maji ya mferejini kutoka chemchemi, na mwaka 1883 likasimama jumba la Beit al-Ajaib. Lakini jina la kitabu linataja macho na fikra tu. Miguu haimo.

Cha pili ni cha Ham Mukasa, karani wa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa. Wawili hao walikwenda London mwaka 1902 kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Sherehe ilikuwa iwe Juni 26, mfalme akaugua, ikaakhirishwa hadi Agosti 9. Basi wageni wakabaki na zaidi ya wiki sita za kungoja, na siku hizo zikajazwa kwa kutembezwa. Mukasa anapima, anahesabu, anafananisha na kwao Buganda. Aliandika kwa Kiganda, na kitabu kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1904, kimefasiriwa na Ernest Millar, mmishonari yule yule aliyewaongoza. Hapo mwanafunzi mwerevu atauliza: aliyechagua cha kuonyeshwa ndiye pia aliyechagua maneno ya kuelezea kilichoonekana? Ni swali la haki, na wala si matusi kwa mtu yeyote.

Cha tatu ni cha Kiswahili chenyewe: Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, cha Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, kilichotoka mwaka 1932. Mwaka 1931 Kayamba, Francis Lwamugira wa Bukoba na Mtemi Makwaia wa Usiha walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikitazama shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, kwani Waafrika walikuwa wakiulizwa rai yao juu ya nchi yao, mbele ya watawala wao. Litazameni jina la kitabu. Kuona kumetangulia, kufanya kumefuata. Mimi ningebadilisha kurasa kumi za majumba kwa ukurasa mmoja zaidi wa namna walivyojihisi usiku wa kuamkia ushahidi, baada ya kuzungushwa mji mzima.

Kwa nini waandishi wetu wanafanya ubakhili wa khabari hizo? Sababu yake ni adabu. Kwetu mgeni hasemi "nimechoka" mbele ya mwenyeji wake, kwa kuwa ni kama kumwambia kwamba takrima yake imekuwa adhabu. Tena aliyetumwa na wenzake hataki kurudi na khabari za magoti. Watu wanangoja maajabu. Naiheshimu adabu hiyo, nami nimelelewa ndani yake. Lakini adabu nzuri ya mgeni yaweza kuwa kasoro ya mwandishi. Uchovu unamwonyesha msomaji nani alikuwa akiongoza, kwa mwendo wa nani, na mgeni alitaka kusimama wapi akakatazwa na saa.

Jambo hili nililiona wazi Mombasa. Nilikuwa huko kwa binti yangu, wakaja kunizuru marafiki wawili kutoka Pemba, walimu wastaafu kama mimi. Basi mimi, mgeni, nikawa mwenyeji. Tulianza na Ngome ya Yesu, iliyomalizwa na Wareno mwaka 1596. Tukaingia Mji wa Kale, tukenda Marikiti, tukatazama zile pembe za Barabara ya Moi, tukavuka kivuko cha Likoni na kurudi, kwa sababu tu haikuwa desturi kufika Mombasa usivuke. Alasiri mmoja wao, ambaye goti lake halimpi raha, alisimama kivulini akaniuliza: "Maalim, sisi tumekuja kukuona wewe au kuiona Mombasa?"

Tukarudi Mji wa Kale, tukaketi barazani kwa watu. Akapita muuza kahawa na dele lake. Mzee mwenye baraza alipojua sisi ni Wapemba alituambia kwamba bibi yake mzaa mama alitoka Pemba, akaanza kuuliza majina ya vijiji. Mazungumzo yakafika kwa Wamazrui, waliotawala Mombasa na Pemba pia mpaka Sayyid Said alipowanyang'anya kisiwa chetu katika miaka ya 1820, na mchele wa Pemba uliokuwa ukivushwa kuja kulisha mji ule. Saa nzima hatukuona chochote kipya, ila mlango wa mbele na paka. Lakini wenzangu wakikumbuka siku ile, husimulia baraza. Ngome huitaja kwa jina tu.

Atakayeona kuwa nawatakia waandishi udhaifu wa wazee na amsome Ibn Battuta. Alifika Mombasa mwaka 1331 akalala usiku mmoja tu. Khabari zake zilikuja kuandikwa huko Moroko zaidi ya miaka ishirini baadaye. Katika maneno machache aliyotuachia juu ya mji ule, alieleza kisima kilicho mlangoni mwa msikiti, chombo cha kutekea maji, watu wanaokwenda peku wakiosha miguu yao kabla ya kuingia, na mkeka mnene wa kujipangusia. Yeye aliyeona majumba ya wafalme wengi aliikumbuka miguu ya watu wa Mombasa. Kwa hiyo, baada ya karne karibu saba, bado tunawaona wakiingia kusali.

Hii ndiyo mizani ninayompa msomaji wa vitabu vya safari. Asihesabu majumba. Atafute mahali mwandishi alipoketi, aliketi na nani, na waliambiana nini. Asipopapata, ajue ameonyeshwa mji na aliyeonyeshwa, naye bado hajaambiwa khabari ya mtu aliyekuwa akitembea.