"Angalia kulia, angalia kushoto": kanuni iliyomsahau anayeganda

Karibu kila aliyepita shule ya msingi hapa Tanzania ana sentensi hii kichwani: simama kando ya barabara, angalia kulia, angalia kushoto, angalia tena kulia, kama hakuna gari vuka haraka bila kukimbia. Tuliiimba tukiwa na kaptula na hatukuwahi kuihakiki. Leo naomba tuisome upya, kipande kwa kipande, kama tunavyosoma makala za kisayansi hapa, tuone iliandikwa kwa ajili ya mwili wa nani.

Tumchukue mzee mmoja wa Gwarama. (Wenyeji mtanisamehe, wengi bado wanasema "Kibondo", ingawa tangu 2012 Gwarama iko wilaya ya Kakonko.) Ana ugonjwa wa Parkinson, ila hakuna aliyemwambia. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia, hatua zimekuwa fupi na za kuburuta, mgongo umeinama. Nyumbani wanasema ni uzee. Kijana wa bodaboda akimwona anayumba anasema mzee kalewa. Huko juu watu wanatembea kwa miguu kwenda shambani, sokoni na zahanati, na barabara kuu ya Nyakanazi, Kakonko, Kibondo hadi Kasulu imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Lami ni neema, sina ugomvi nayo. Lakini gari lililokuwa likiruka mashimo sasa linateleza tu.

Basi tuanze. "Simama." Hilo mzee wetu analiweza, tena kupita kiasi. Shida yake ni kuondoka. Kwa kawaida hufikirii hatua zako. Kuna viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo vinavyoendesha mambo tuliyoyazoea, na vinategemea kemikali iitwayo dopamini. Katika Parkinson seli zinazoitengeneza hufa polepole, na kutembea kunaacha kujiendesha kwenyewe. Wakati mwingine mguu unagoma kabisa, kama umegundishwa chini kwa gundi. Wataalamu wanaita kuganda. Kunatokea hasa mtu anapoanza kutembea, anapogeuka, anapopita mahali pembamba, na anapoharakishwa. Soma tena orodha hiyo uniambie kama siyo maelezo ya kuvuka barabara.

"Angalia kulia, angalia kushoto." Shingo na kiwiliwili vimekakamaa, kwa hiyo mara nyingi hageuzi kichwa peke yake, anageuka mwili mzima kwa vihatua vidogo vidogo. Yaani kanuni inamwamuru ageuke mara tatu, pembeni mwa lami, na kugeuka ni mojawapo ya mambo yanayomwangusha.

"Vuka haraka." Hapa ndipo nina ugomvi mkubwa. Taa za vivuko katika nchi nyingi hupangwa kwa kudhani mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 7 ataimaliza kwa sekunde 6 hivi. Mwenye mwendo wa mita 0.8 anahitaji karibu sekunde 9. Tofauti ni sekunde 3, utasema si kitu. Ila gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, kikomo chetu cha maeneo ya makazi, linakwenda kama mita 40 katika sekunde hizo. Na hapo sijahesabu kuganda, ambako kunaweza kula sekunde kadhaa katikati ya barabara. Dereva anapiga honi. Mzee anashtuka, anajilazimisha, anazidi kuganda.

Kanuni imesahau jambo jingine, ambalo kwetu ni zito: salamu. Huwezi kumpita mtu mzima Uhani bila kumsalimu, na salamu yenyewe si ya neno moja. Kwa mgonjwa wa Parkinson, kuongea huku anatembea ni kazi mbili zinazogombania umakini uleule. Adabu yako ukiitoa akiwa katikati ya lami inaweza kumsimamisha hapohapo. Msalimu akishafika upande wa pili. Hatakuona huna heshima.

Usidhani wagonjwa hawa ni wa Ulaya tu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulipita katika watu 161,071 ukapata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kugunduliwa. Idadi ni ndogo, kweli. Kwangu mimi hiyo robo tatu ndiyo habari yenyewe: ni watu wanaovuka barabara bila dawa, na bila jina la kinachowasumbua. James Parkinson alipouandika ugonjwa huu London mwaka 1817, baadhi ya wagonjwa aliowaeleza aliwaona mtaani tu, wakitembea. Hata sisi tungewaona, kama tusingekuwa tumeshaamua kwamba wamelewa.

Hai ilitupa na habari njema. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa hukohuko ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa. Walizoezwa kutembea kwa kufuata viashiria vya kuongoza hatua, na mwendo wao ukaboreka, hata walipokuwa wakifanya jambo jingine huku wakitembea. Sababu ni kwamba kiashiria kinaupa ubongo njia ya mchepuko: badala ya kusubiri viini vilivyochoka, mtu anaikusudia kila hatua. Mistari iliyokatiza njia inafanya kazi hiyo vizuri sana.

Sasa itazame zebra. Kwa anayevuka, ni mistari iliyokatiza njia yake, mmoja baada ya mwingine! Tumechora tiba barabarani bila kujua, halafu tukaacha rangi ifutike. Ningekuwa nagawa rangi, ningeanza mbele ya zahanati na sokoni, na tuta kabla yake, ili anayengoja awe dereva.

Rangi ikichelewa, hivi ndivyo ningemfundisha mjukuu. Msimame mahali ambapo hamtalazimika kugeuka sana, na wewe ndiye uangalie magari. Usimvute mkono, utamwangusha. Msivuke mpaka mwone nafasi kubwa kuliko unayodhani inatosha. Hesabu kwa sauti, moja, mbili, moja, mbili, naye apige hatua kwa kila neno. Akiganda, nyamaza kidogo, mwonyeshe dereva mkono asimame, kisha weka mguu wako mbele ya mguu wa babu, ukikatiza njia yake, umwambie auruke.