Kabla ya Karo, Hesabu Saa

Kuanzia Buruburu hadi Utawala, mashariki mwa Nairobi, vibao vya vyuo vya kompyuta vimejipanga juu ya maduka: pakeji za kompyuta, usanifu wa tovuti, madarasa ya jioni na ya Jumamosi. Mtu mwenye kazi anayetaka kujifunza kutengeneza tovuti hupanda ngazi na kuuliza karo. Mimi ningemshauri aulize saa kwanza, kwa sababu kozi nyingi za jioni hazimshindi mwanafunzi kwa ugumu wa somo. Zinamshinda kwa muda.

Tuseme anafanya kazi Industrial Area na analala Kayole. Darasa lake ni saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, mara tatu kwa wiki. Kwa wiki 12 atakuwa amekaa darasani saa 72. Sasa tazama freeCodeCamp, mradi wa mafunzo ya bure mtandaoni ulioanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014. Cheti chake cha usanifu wa tovuti kilikadiriwa kuhitaji saa 300 za kazi. Wapo wanaomaliza mapema zaidi, ila makadirio hayo yanakupa picha ya mzigo wenyewe. Darasa la jioni halifikii hata robo yake. Saa 228 zinazobaki ni wastani wa saa 19 kila wiki, na zote zitatoka kwenye usingizi, wikendi na mapumziko ya mchana.

Kwa hiyo umbali si jambo dogo. Shule ya Moringa, inayojulikana sana Nairobi kwa mafunzo ya programu, imekuwa Ngong Road, upande wa pili wa mji. Darasa la ana kwa ana upande huo, pamoja na kurudi Kayole usiku kwa matatu mbili, linaweza kuongeza saa mbili kila jioni. Hizo ni saa 6 kwa wiki, yaani saa 72 kwa kozi nzima. Barabara imemeza muda sawa na ule wa mwalimu. Kama chuo cha mbali kina darasa la mtandaoni, au la Jumamosi peke yake, hesabu hubadilika kabisa, na hapo ndipo ubora wa shule unapopata nafasi ya kupimwa.

Eastlands, kama upande huu wa mashariki unavyoitwa, ina mfano mzuri wa jambo hili la umbali. NairoBits, mradi uliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano na Waholanzi, ulichukua vijana kutoka mitaa ya mabanda ukawafundisha kusanifu tovuti, wakati ambapo kompyuta nyumbani ilikuwa ndoto kwa familia nyingi. Darasa lake lilikuwa Shauri Moyo, mahali ambapo kijana wa Pumwani au Kaloleni anafika kwa miguu. Mfumo huo ulivuka mipaka baadaye, ukazaa ZanziBits kule Zanzibar na KampaBits Kampala. NairoBits haikumlenga mtu mwenye ajira, lakini mpangilio wake una funzo kwa mtu huyo pia: mashine na darasa viliwekwa karibu na wanafunzi, na nauli ikaacha kuwa sharti la kusoma. Nyumbani kukiwa na kelele au stima ikipotea mara kwa mara, tafuta pia mahali pa kufanyia mazoezi kabla ya kulipa chochote. Maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa na shirika la Book Bunk, ni msaada mkubwa ambao wakazi wengi hawautumii.

Sasa ubora. Usikubali kuonyeshwa picha za kazi za wanafunzi. Omba anwani za tovuti tatu walizotengeneza zikiwa hewani, kisha uzifungue kwa simu ya kawaida yenye bando, si kwa waifai ya chuo. Wateja wengi wa mitaa hii wataiona kazi yako kwenye simu. Halafu, ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U uone msimbo wa ukurasa. Tafuta neno viewport karibu na mwanzo. Lisipokuwepo, kivinjari cha simu hujifanya kina skrini pana, kwa kawaida pikseli 980, kisha hubana kila kitu hadi maandishi yawe kama punje za mtama. Ni mstari mmoja tu wa HTML, lugha ya kuundia kurasa, na mwanafunzi asiyeujua hajafundishwa usanifu wa leo.

Angalia pia picha zilizomo kwenye tovuti hizo. Mwanafunzi akiweka picha ya megabaiti 4 moja kwa moja kutoka kwenye simu, kisha akaipunguza kwa CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa, ionekane ndogo kama stempu, mgeni wa tovuti bado anapakua megabaiti zote 4. Bando lake ndilo linaloteketea. Mwalimu makini hufundisha kupunguza uzito wa faili yenyewe.

Silabasi nayo ina umri wake. Msanifu wa tovuti Ethan Marcotte alieleza usanifu unaojirekebisha kulingana na skrini mwaka 2010, na CSS Grid, mbinu ya kupanga ukurasa kwa safu na mistari, iliingia katika vivinjari vikubwa mwaka 2017. Chuo kinachopanga kurasa kwa majedwali ya HTML, au ambacho bado kimeandika Flash kwenye orodha ya masomo ilhali Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa 2020, kinakuuzia kilichokwisha.

Omba kuhudhuria kipindi kimoja. Mwangalie mwalimu msimbo wake unapokataa kufanya kazi: anafungua zana za ukaguzi za kivinjari na kutafuta kosa mbele ya wanafunzi, au anabandika jibu lililoandaliwa? Kutafuta kosa ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo sehemu ambayo video peke yake haikufunzi vizuri.

Kuhusu cheti, jibu linategemea unakokwenda. Mwenye karakana ya milango kule Kariobangi hatakiulizia, ataomba kuona tovuti uliyokwisha kutengeneza. Ukilenga ajira ya serikali au kuendelea na diploma, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2013 ya elimu ya ufundi, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa, maana usajili wa chuo hauipi kila kozi kibali.

Ukishafika kwenye karo, uliza inanunua masahihisho mangapi. Kazi yako itasomwa na nani, baada ya siku ngapi, na je, utaandikiwa kwa nini mstari fulani umekosewa? Chuo cha bei ya juu kinachosahihisha kazi yako kila wiki kinaweza kuwa nafuu kuliko cha bei ya chini kinachokupa noti na mtihani mmoja wa mwisho. Lipa kwa awamu, ya kwanza ikiwa ndogo, na uiweke awamu ya pili baada ya kazi yako ya kwanza kurudishwa ikiwa na alama za kalamu ya mwalimu.