Sophie Kanza: waziri mbele ya kura

Kila Machi ile picha yake inarudi. Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata liseansi, sosiolojia, Lovanium, 1964. Oktoba 1966 Mobutu anamuweka waziri wa mambo ya jamii. Alikuwa na miaka 26. Chini ya picha tunaandika "masomo inalipa", tunashiriki, tunapita.

Mimi naona hadithi hii tunaikata mahali pabaya. Katiba iliyowapa wamama haki ya kupiga kura ni ya 1967. Soma tena tarehe hizo polepole: waziri 1966, kura 1967. Alikaa kwenye baraza la mawaziri wakati mwanamke wa Kongo, yeye pia ndani, hakuwa na hiyo kura. Kiti kilitoka kwa saini ya mtu mmoja aliyechukua nchi kwa mapinduzi, na saini inayoweka njo inaondoa.

Na ile "masomo inalipa"? Baba yake, Daniel Kanza, alikuwa kiongozi ndani ya ABAKO na meya wa Léopoldville. Kaka yake Thomas alisoma Louvain, akaingia serikali ya Lumumba. Sisemi hakuwa na akili! Kisha uwaziri alirudi shuleni, akasoma Harvard kule Marekani, na hayo hakuna raisi anayeweza kukusainia. Lakini kumpa msichana wa Walungu mfano huu bila kumwambia juu ya nyumba ile ni kumdanganya. Sisi watu wa kilimo, mmea mmoja ukizaa sana kwenye shamba la majaribio, tunauliza kwanza ulipewa mbolea gani.

Kingine kinachonichosha: maandishi yetu karibu yote yanaishia siku ya kuteuliwa, sawa vile kazi ilikuwa kuingia tu. Aliamua nini pale ministeri? Alishindwa wapi? Hatuulizi. Aprili 2024 tulifanya vilevile na Judith Suminwa, waziri mkuu mwanamke wa kwanza. Wiki nzima "wa kwanza, wa kwanza", programu yake tukaiacha.

Wakati huo kifungu cha 14 cha Katiba kinasema usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa 2022 inasema nini? Orodha yenye nusu wanawake hailipi dhamana. Ile ya wanaume watupu haikataliwi. Chama kinalipa, kinaendelea.