Wako Ruiru, Hawako Ruiru

Chukua faili ya maandishi matupu: orodha ya wakulima walioagiza miche ya kahawa, kila mmoja na mstari wake. Jina, anwani, aina ya mche, mji, na koma katikati. Swali ni jepesi: nani yuko Ruiru? Anayejifunza huandika lupu fupi ya Python, `for mstari in faili`, akaiambia imtolee kila mstari wenye neno hilo. Majibu yanamwagika. Kuna watu wa Kisii, wa Meru. Nyeri ndiyo usiseme.

Lupu haijakosea. Ruiru 11 ni aina ya kahawa, iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti walioko Ruiru kwenyewe ili ihimili chulebuni na kutu ya majani. Thika nayo ina mtego wake, kwani anwani chungu nzima za Ruiru na Juja zimeandikwa Thika Road.

Hapa ndipo ninapopenda kumtazama fundi. Faili haigusi, anachonga swali. Anaukata mstari penye koma, anaziruka safu tatu, anaihoji ya nne peke yake. Sasa hapati kitu! Kila mstari huishia na alama isiyoonekana, ile ya kushukia mstari mpya, nayo imeng'ang'ania jina la mji. Kwa kompyuta, Ruiru yenye mkia si Ruiru. Anaukata mkia. Anazigeuza herufi zote ziwe ndogo, maana karani mmoja aliandika RUIRU na mwenzake ruiru. Kisha anaweka hesabu, ili kila jibu lije na namba ya mstari wake na mwenye shaka akahakikishe.

Ipo grep, programu ya kutafutia maneno ya Ken Thompson, tangu 1973, na kwa kazi ya haraka siipingi. Ila safu haizijui mpaka uielekeze kwa alama za kuumiza macho. Lupu inasomeka. Tena haina tamaa: hushika mstari mmoja, ikaumaliza, ikauachilia, hivyo laptopu ya mtumba hupitia faili kubwa kuliko kumbukumbu yake yote.

Wapo wakulima walioandikwa jina na koma ndani yake, safu zikawa tano. Fundi mvivu huwaacha. Huyu ninayemsifu huwapeleka kwenye faili ya pili, pamoja na namba zao, akawasome mwenyewe kwa macho.