Ndimu, mise na nywele za defriza: ni desturi ya nani?

Hapa kwetu Luvungi, na barabara yote kutoka Kamanyola mpaka Uvira, ukimuuliza dada mwenye nywele za defriza anazitunza namna gani, atakutajia vitu vya jikoni: ndimu, vinegre, avoka, yai, maji ya mchele, mafuta ya mise. Halafu ataongeza: «Ni dawa ya wazee, haina mubaya.» Tunataka kusema kidogo juu ya neno hilo la mwisho. Vitu vyenyewe si vibaya vyote, tena vingine tunavisifu. Lakini jina la «dawa ya wazee» linatufunga macho.

Wakoko wetu hawakuwa na nywele za defriza. Walinyoa, hasa wakati wa msiba. Walisuka, walifunga nywele kwa uzi, walipaka siagi ya ng'ombe au mafuta ya mbarika. Jirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi, Wanyarwanda, walikuwa na amasunzu, ule mtindo wa kunyoa na kuacha matuta ya nywele, ambao msichana alibaki nao mpaka aolewe. Zote hizo zilikuwa kazi za nywele ambazo hazijapikwa na dawa yoyote. Defriza ya kopo ni mgeni: ilienea kutoka Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20. Basi maji ya ndimu ya kusuuza nywele za defriza hayawezi kuwa na umri kupita defriza yenyewe. Ni uvumbuzi wa mama zetu na dada zetu, na hatuoni haya kuuita hivyo. Juu ya nini tumpe koko sifa ambayo ni ya binti yake?

Neno «asili» limetuchezea mara nyingi. Waliopita miaka ya Authenticité wanakumbuka: mwaka 1971 nchi ilipewa jina Zaïre ili turudi kwenye uasili wetu, kumbe jina lenyewe lilikuwa matamshi ya Wareno ya neno la Kikongo «nzadi», yaani mto. Tuendelee.

Mama anayepika sabuni ya mawese anaijua soda kostiki. Anaikoroga kwa mti mrefu, watoto wakae mbali, na ikimrukia mkononi anakimbilia maji. Ni soda hiyo hiyo iliyo ndani ya defriza kali. Ile inayoandikwa kwamba haina soda hutumia hidroksidi ya kalsiamu na dawa nyingine ya kuchanganya, nayo bado inaunguza. Kwa kipimo cha pH, kinachoanza 0 mpaka 14, ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5, defriza iko kati ya 12 na 14. Inavunja vifungo vya salfa ambavyo vinaupa unywele mkunjo wake, na vifungo hivyo havirudi kama vilivyokuwa. Ndiyo maana hakuna maji ya mchele wala avoka itakayoponya unywele huo. Tunaweza kuupunguzia mateso tu, tukingoja mpya uote, kama sentimeta moja kwa mwezi.

Sasa ndimu. Kazi yake ya kweli inahusu sabuni. Dada wengi huosha kichwa kwa sabuni ya kipande, na sabuni hiyo inainua magamba madogo yanayofunika unywele, tena inaacha utando mweupe. Maji yenye ukali kidogo wa ndimu au vinegre yanaondoa utando ule, magamba yanalala, nywele zinang'aa na hazikamatani kwenye chanuo. Kijiko kimoja cha kulia ndani ya lita moja ya maji kinatosha. Anayekamua ndimu nzima-nzima kichwani anaharibu. Na baada ya hapo lazima asuuze kwa maji matupu, kwa sababu maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua la Bonde la Ruzizi likapiga, ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi.

Penye hatari zaidi ni siku ya defriza yenyewe. Tumesikia wakisema: «Weka ndimu, itaua ile produi.» Hapo tunakataa kabisa. Defriza inatolewa kwa maji mengi yanayotiririka, halafu kwa shampoo yake maalumu ya kuizima. Ngozi iliyoungua na soda inahitaji maji, tena maji kwa muda mrefu. Kuimwagia ndimu ni kuongeza kidonda juu ya kidonda. Lakini tusiwacheke wanaofanya hivyo. Mahali ambapo maji yanabebwa kwa bidoni ya lita 20 kichwani, na shampoo ile inauzwa mbali na kopo lake, ndimu inakuja kujaza nafasi ya bidoni ya pili. Wanaoita jambo hilo ujinga hawajabeba maji. Sisi tunasema: kama hakuna bidoni mbili au tatu zilizojaa, siku ya defriza isogezwe.

Juu ya yai hatuna mengi. Protini yake ni kubwa mno, haiingii ndani ya unywele. Inakaa juu tu, na ukisuuza kwa maji ya moto utachana vipande vya omeleti. Ni afadhali watoto walile. Maji ya mchele yana heshima ya mbali: huko China, wanawake Wayao wa kijiji cha Huangluo, wanaojulikana kwa nywele ndefu, huoshea maji ya mchele yaliyochachuliwa. Sisi wa bonde la mchele hatuna haja ya kuyamwaga. Ila nywele zao ni nyingine na hazikupikwa kwa soda. Kwetu yanaweza kulainisha kidogo. Yakitumiwa kila siku, nywele zinakuwa ngumu kama zimepigwa wanga.

Tuongeze habari moja ambayo hakuna kitu cha jikoni kinachoigusa. Mwezi wa Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 33,497 waliofuatwa kwa karibu miaka 11. Kwa wale ambao hawakutumia kabisa dawa za kunyoosha nywele, waliokadiriwa kupata kansa ya mji wa mimba kufika umri wa miaka 70 walikuwa asilimia 1.64, kwa waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo hauonyeshi peke yake kwamba dawa ndiyo iliyoleta kansa. Lakini mama anayempaka defriza mtoto wa miaka sita kwa sherehe ya komunyo ya dada yake, ajue.

Kitu tunachokisifu bila kusita ni mise, mafuta ya kokwa za mchikichi. Mawese mekundu yanatia rangi mto na kitenge, tuyaache kwenye sombe. Mise ina asidi ya lauriki kwa wingi kama mafuta ya nazi, na nazi imepimwa: ikipakwa kabla ya kuosha, inaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea. Paka kidogo usiku, funga kitambaa, osha asubuhi. Vijana wanalalamikia harufu yake ya moshi, inayotokana na kukaanga kokwa. Ukiosha mara moja au mbili inaisha.