Ile U ya ndani ya 4U

Juzi mmoja wetu aliuliza: 4U 1820-30 ni nini, namba ya gari? Tulicheka. Lakini swali lilikuwa la haki, juu siye wengi hapa Kamina tulimaliza fizike bila mtu kutuambia kwamba ile U njo Uhuru. 4 ni toleo la nne la katalogi, na tarakimu zinazofuata zinaonyesha mahali nyota iko mbinguni.

Satelite Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Tusijidanganye: satelite ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la Waitalia. Kenya ilitoa ikweta na jina.

Nimerudia kusoma Katalogi ya Nne, ya 1978. Ina vyanzo 339 vya eksirei (ndiyo, aina ile ile ya hospitali). Kama orodha, ni kazi safi. Lakini nguvu ya kila chanzo imeandikwa kwa hesabu moja tu, ya kati ya kiloelektronivolti 2 na 6. Ni kama kuandika sauti ya kila muimbaji wa kwaya kwa namba moja: unajua nani anapiga kelele, hujui anaimba nini. Mistari ya chuma, ambayo njo inasema habari ya diski, iko juu kidogo ya mpaka ule, kati ya 6.4 na 7.

Na diski njo utamu wenyewe. Nyota ya nyutroni ina uzito kupita jua, lakini upana wake ni kilometa 20 na kitu. Mtu wa kinga anaumaliza kwa saa moja na nusu. Gesi ya nyota jirani inaizunguka kwanza kabla ya kuanguka, inapata moto wa mamilioni ya digrii. Mwendo ule unatanua mstari wa chuma, na mvutano unauburuta upande wa chini. Ukipima mstari, unapata ukingo wa ndani wa diski, na nyota haiwezi kupita ukingo ule kwa ukubwa.

Mstari mpana namna hiyo ulionekana wazi kwa Serpens X-1 mwaka 2007, kwa XMM-Newton. Mwaka uliofuata satelite ya Wajapani, Suzaku, iliuonyesha tena, na kwa 4U 1820-30 pia. Ile "namba ya gari".

Kwa hiyo lawama yangu haiko kwa vyombo vya 1970, vilifanya vilivyoweza. Iko kwa siye tunaofundisha: tunaandika 4U ubaoni, tunapita.