Ng na Ng'

Jumatatu asubuhi, Mbagala. Mwalimu wa Darasa la Kwanza ameandika ubaoni maneno mawili tu: nguo na ng'ombe. Hasemi kitu. Anashika pindo la gauni lake, darasa linaitikia, "Nguo!" Kisha anagusa kwa chaki ile ritifaa, kimkato kidogo kama punje ya mchele, na kuweka kidole juu ya pua yake. Sauti ya ng' hukaa puani mpaka mwisho. Ya ng huanzia puani, halafu g ikabisha hodi kooni. Watoto wanaweka vidole puani, wananguruma, wanasikiliza vichwa vyao wenyewe.

Kimkato kile ndicho kazi ya wiki nzima. Sisi tunaosoma gazeti tukiwa tumening'inia kwenye daladala tumesahau kwamba kuna mtu aliwahi kutukatia lugha vipande vidogo kiasi hicho, akatulisha kimoja kimoja.

Kiswahili kina huruma kwa msomaji mchanga. Tangu miaka ya 1930, Kamati ya Lugha iliposanifisha maandishi yake kwa msingi wa Kiunguja, kinaandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, maneno mengi yanamfungukia. Ugumu uko kwenye miambatano: mba, ndwa, nywa. Uko pia kwenye dh na th, kwa sababu wengi nyumbani husikia "zahabu" na "samani". Mwalimu huyu hamcheki mtoto kwa matamshi ya kwao. Anamwonyesha tu mahali ulimi unapokaa, kati ya meno, na kumwachia muda.

Kwenye hesabu, lugha hiyohiyo inaficha. Kumi na moja inajieleza yenyewe. Lakini ishirini, neno lililotujia kutoka Kiarabu, halimwambii mtoto kwamba ndani yake mna makumi mawili. Siku ile mvulana mmoja aliambiwa aandike ishirini na tatu, akaandika 203. Nililitazama lile daftari kwa muda mrefu. Aliandika alichosikia: 20, kisha 3. Kosa lile lina akili ndani yake, na mwalimu aliiona. Hakuweka alama ya kosa. Alimpa vijiti, akamwacha afunge kwa mpira kumi, tena kumi, vikabaki vitatu.

"Makumi mangapi?"

"Mawili."

"Mamoja?"

"Matatu."

"Haya, andika unachokiona."

Mtoto akaandika 23, akaitazama kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

Haya yote yanafanyika katika chumba chenye watoto zaidi ya 100, wakati uwiano rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Michango ya shule ilipofutwa Januari 2016, watoto walifurika, na ni heri walivyofurika. Ila katika umati huo, kuitikia pamoja ni pazia: sauti themanini zinazojua huwafunika ishirini wasiojua. Kwa hiyo mwalimu hupita kati ya madawati huku watoto wakisoma, kichwa amekiinamisha, akisikiliza midomo inayochezacheza bila sauti. Mwenye mdomo wa namna hiyo ndiye atakayemwita baada ya kengele, wakae wawili.

Mtaala ulioanza 2015 uliipa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, sehemu kubwa ya saa za madarasa mawili ya kwanza. Ulifanya vyema. Tafiti za mpango wa Uwezo zilikuwa zimeshakuta watoto wa Darasa la Saba wasioweza kusoma hadithi ya Darasa la Pili. Bado naona shule zikimpa Darasa la Kwanza mwalimu yeyote aliyebaki baada ya madarasa ya juu kugawanywa, na jambo hilo linaniuma. Fundi bora wa shule angepaswa kuwa hapa.

Ijumaa nilimkuta msichana wa darasa lile kituoni, mkono mmoja ameshikwa na bibi yake. Daladala likasimama, kibao mbele ya kioo.

"Mba... ga... la," alisoma. "Ra..." Akaweka kidole puani, akajaribu mara moja kimya, akatikisa kichwa. "Ngi. Rangi."

Konda alikuwa akigonga bodi, watu wanapanda. Bibi hakusogea. Mtoto alikuwa amefika kwenye alama ya mwisho, ambayo haikuwa herufi.

"Bibi, hii si ya kusoma," alisema. "Hii ni ya kuhesabu. Tatu."